Dubu wa Bertille na Mapipa ya Lucien

"Dubu wako amenilia kuku tena!"

"Dubu wangu? Mimi sina dubu, Bertille! Laiti ningekuwa naye hata mmoja!"

Odile Pelletier alisikia kelele hizo akiwa jikoni, mikono imejaa unga. Hakunawa. Alitoka hivyo hivyo. Ugomvi wa Bertille na Lucien haukuwa kitu cha kuja kusimuliwa. Ulikuwa wa kujionea.

Bertille Ouellette alisimama upande wake wa uzio, ameshika manyoya ya kuku kama ushahidi wa mahakamani. Lucien, mume wa Odile, alikuwa upande huu. Alivaa kofia yake ya rangi ya machungwa, na uso wake ulikuwa umeiva kuliko kofia. Magari yaliyopita barabarani yalipunguza mwendo. Kufikia jioni bonde zima la mto lingekuwa na habari.

"Watano!" alisema Bertille. "Usiku napiga picha dirishani. Wiki hii tu nimepata dubu watano. Msitu umefurika, sasa wanamiminika uani kwangu. Na nani anawanenepesha? Si wewe na mapipa yako ya donati?"

"Umefurika?" Lucien alicheka bila furaha. "Nimeweka mapipa saba, nimeyajaza mwezi mzima. Kamera nilizofunga huko zinapiga kunguru tu! Dubu wamekwisha, mama. Wamekwisha!"

"Kama wamekwisha, kuku wangu kawala nani? Padri?"

Odile alijiuma mdomo asicheke. Lakini maneno yaliyofuata yalimkausha kicheko.

"Msitu ule ni wangu," alisema Bertille. "Marehemu mume wangu alikuruhusu, nami nikanyamaza. Sasa ruhusa nimeifuta. Jumapili nisikute pipa lako hata moja."

Alitupa manyoya chini, akaingia ndani, akabamiza mlango.

Lucien aliendelea kuutazama mlango ule. Bila ruhusa ya mwenye ardhi hakuna kuweka chambo, yaani hayo mapipa ya vitamu vya kuvutia dubu. Hiyo ndiyo sheria, na kila mtu bondeni anaijua. Jumatatu msimu wa kuwinda dubu ungefunguliwa. Wawindaji wangefika kutoka mbali, kama kila mwaka. Wangelala vyumba vya juu, wangekula mezani kwa Odile, na Lucien angewapeleka mapipani. Kazi hiyo ndiyo iliyowavusha majira ya baridi. Bila msitu wa Bertille, wawindaji wangekuja kufanya nini? Kumtazama Lucien?

"Nenda ukamwombe radhi," alisema Odile.

"Kwa kosa lipi? Dubu hawapo!"

"Yeye anasema wapo. Wewe unasema hawapo. Mmoja wenu haoni vizuri."

Odile hakungoja. Alinawa mikono, akampigia simu Janelle, binti wa Gilbert Daigle. Janelle alizaliwa hapo hapo bondeni. Sasa alifanya kazi idara ya wanyamapori, na kazi yake ilikuwa dubu. Odile alimjua tangu akiwa mtoto wa kupanda miti ya watu na kuvunja matawi.

"Shangazi, nitakuja kesho asubuhi," alisema Janelle, ambaye kila mama wa bondeni alimwita shangazi. "Lakini wote wawili wawepo. Sitaki kusikia upande mmoja."

*

Walikutana barazani kwa Bertille. Bertille aliwapa kahawa, isipokuwa Lucien. Lucien alijifanya hataki.

"Haya, shangazi," alisema Janelle. "Nionyeshe hao dubu watano."

Bertille alitoa simu yake. Janelle alizitazama picha moja moja, akizikuza kwa vidole.

"Huyu wa Jumatatu, sikio lake la kushoto likoje?"

"Limechanika."

"Huyu wa Jumanne?"

Bertille alisogeza miwani. "Nalo limechanika."

"Na huyu wa Alhamisi?"

Bertille alivua miwani, akaifuta.

"Ni dubu mmoja, shangazi. Dume kijana. Anakuja kila usiku, nawe kila usiku unamhesabu upya."

Lucien alipiga goti lake kwa furaha. "Nilisema! Hawapo!"

"Ngoja kwanza, mjomba," alisema Janelle. "Wewe unawahesabu vipi?"

"Kwa mapipa. Mwaka jana kila pipa lilikuwa na dubu. Mwaka huu hakuna."

"Mwaka jana beri za porini zilikauka kwa ukame. Njugu za msituni nazo hazikuzaa. Dubu walikuwa na njaa, wakafuata donati zako. Ulidhani wameongezeka, sivyo?"

"Nilidhani."

"Mwaka huu umepanda kule kilimani?"

"Nipande kufanya nini? Mapipa yako chini."

"Mimi nimepanda juzi. Beri zimeinamisha matawi. Njia nzima nimekanyaga mavi ya dubu, yamejaa mbegu. Dubu wako huko, wanakula vya kwao. Pipa halikwambii dubu ni wangapi, mjomba. Linakwambia wangapi wana njaa."

Odile alimtazama mumewe. Miaka yote hiyo ya kuwinda, na sasa aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekosea hesabu ubaoni. Alimwonea huruma, lakini si sana.

"Sawa," alisema Bertille. "Mmoja. Lakini huyo mmoja ndiye anayekula kuku wangu. Kwa nini asikae kilimani na wenzake?"

"Hilo ndilo tukaliangalie," alisema Janelle.

Walianzia bandani kwa kuku. Nyayo zilionekana vizuri kwenye tope. Hazikutoka msituni. Zilipita chini ya uzio, zikavuka bustani ya Odile, zikaenda moja kwa moja hadi ghala kuukuu la Lucien. Ubao mmoja wa nyuma ulikuwa umeng'olewa. Ndani mlikuwa na chambo cha msimu mzima: magunia ya donati za zamani, ndoo za mafuta yaliyokaangiwa, na molasi. Gunia moja lilikuwa limepasuliwa, na sukari imetapakaa sakafuni.

Bertille alichungulia ndani. Kisha akasema, "Loo! Kumbe padri anakaa kwako."

Lucien alivua kofia. "Nilikuwa nasikia vishindo usiku," alisema. "Nikadhani ni paka."

"Paka wa kung'oa mbao?" Odile alishindwa kunyamaza. "Lucien!"

"Pua ya dubu hunusa chakula kutoka mbali sana," alisema Janelle. "Huyu kijana amegundua kuwa kwenye nyumba za watu kuna vitamu. Kuku wako, shangazi, ni wa njiani tu. Tukimwacha atazoea watu, na dubu aliyezoea watu mwisho wake huwa kupigwa risasi uani. Tukianza leo kumnyima vitamu hivi, bado atarudi msituni."

Aliinama, akaokota kipande cheusi kwenye gunia. "Na hii chokoleti itoe yote. Kwa dubu ni sumu, kama ilivyo kwa mbwa. Akila nyingi, anafia pale pale."

Lucien alianza kubeba gunia lile nje, bila kuambiwa mara ya pili.

"Mimi nina swali moja," alisema Bertille. "Unijibu bila kumwogopa huyu. Mapipa yanaongeza dubu au yanapunguza?"

"Yanaweza kufanya yote mawili."

"Hilo si jibu, binti."

"Ni jibu, shangazi, sikiliza. Chambo ni chakula. Kikimwagwa kingi kila mwaka, majike hunenepa. Jike mnene huzaa watoto wengi zaidi, nao hupona. Hapo dubu huongezeka. Lakini dubu wengi wanaowindwa huku huwindwa mapipani. Wakiuawa majike wengi, idadi hushuka, tena hukawia kupanda. Dubu si sungura. Jike hufika miaka minne au mitano, hata zaidi, ndipo azae mara ya kwanza. Kisha hulea watoto zaidi ya mwaka, asizae tena mpaka wamwache."

"Sasa nyie mnawahesabu vipi, kama si kwa mapipa?" aliuliza Odile.

"Wakati wa baridi tunaingia mapangoni wanamolala. Majike wengine tumewavisha kola za redio. Tunaangalia wana watoto wangapi, na mwaka unaofuata wangapi wako hai. Halafu tunasoma meno."

"Meno?"

"Jino dogo lile la nyuma ya chonge. Ukilikata unaona duara, kama kwenye gogo la mti. Kila mwaka duara moja. Kwa jike, mwaka aliolea watoto duara huwa jembamba. Jino moja linanieleza alikuwa na miaka mingapi na alizaa lini. Ndiyo maana tunaomba jino la kila dubu anayewindwa." Alimgeukia Lucien. "Mjomba, kwako tulipata mawili tu mwaka jana."

"Wageni huwa na haraka," alisema Lucien kwa sauti ndogo.

Bertille alitazama ghala, akatazama banda lake la kuku, akamtazama Odile. Odile alikuwa ameshaanza kufagia sukari sakafuni.

"Msimu huu mmoja tu," Bertille alisema mwishowe. "Nitakuwa nakuja kuangalia. Nikikuta uchafu, basi milele. Na kuku wangu unitengenezee uzio."

*

Siku ile hakuna aliyelala mchana. Lucien alihamishia chambo ndani ya kontena la chuma la shemeji yake, mbali na nyumba za watu, akafunga kwa kufuli. Odile na dada zake wawili waliosha ghala kwa maji ya moto na sabuni. Walipiga soga mpaka koo zikakauka. Jioni Lucien alizungusha waya wa umeme kwenye banda la Bertille, kama Janelle alivyomwelekeza.

Kesho yake Bertille alikuja uziani, bado amevaa nguo za kulalia.

"Kaja!" alisema. "Kaweka pua kwenye waya. Odile, ungemsikia! Kapiga yowe kama mjomba wangu Alcide anapong'olewa jino. Kakimbilia kilimani, hata nyuma hakutazama."

Dubu wa sikio lililochanika hakuonekana tena uani.

Wawindaji walifika Jumatatu, nyumba ikajaa buti, harufu ya kahawa na hadithi za uongo. Lucien aliwaambia ukweli siku ya kwanza: mwaka huu chakula ni kingi msituni, dubu watakuja wachache, na hakuna kufyatua mpaka yeye aseme. Mmoja wao, mtu mnene aitwaye Dwight, alinung'unika.

Siku ya tatu Dwight aliingia kula akiwa kimya. Odile alimwekea sahani. "Kulikoni? Umekosa shabaha?"

"Sikupiga," alisema Dwight. "Alikuja dubu mzuri, peke yake, akasimama kwenye pipa. Nikainua bunduki. Mume wako akanishika mkono. Ananiambia ngoja, dubu ambaye mgongo wake haufiki nusu ya pipa huenda ni jike. Nikamlaani kimoyomoyo. Tukangoja, tukangoja. Mara msonobari ukatikisika. Wakashuka watoto wawili."

Mmoja wa wawindaji aliweka uma chini.

"Ningempiga yule," alisema Dwight, "wale wadogo wangefia wapi?"

Lucien aliendelea kukata mkate. Lakini Odile aliona amekaa wima kuliko kawaida.

Msimu ulipokwisha wawindaji walikuwa wamepata dubu watatu tu, wote madume. Mwaka uliotangulia walikuwa wengi zaidi. Hata hivyo wageni wote isipokuwa mmoja walishika nafasi ya mwakani. Meno matatu yalimfikia Janelle. Lucien aliyatoa mapipa msituni, akazoa hata udongo ulionusa mafuta.

Jumapili baada ya kanisa, Bertille alitokea mlangoni kwa Odile. Buti zake zilikuwa na majani na tope.

"Nimetoka msituni," alisema. "Nimezunguka sehemu zote saba."

Lucien aliinuka mezani. Odile alishika ukingo wa jiko.

"Sikuona hata karatasi ya donati."

"Na mwakani, Bertille?" aliuliza Odile.

Bertille aliwaacha wangoje kidogo. Hakuwa mtu wa kuharakisha raha yake.

"Mwakani manne," alisema. "Si saba. Chambo ni chakula, au hukumsikia mtoto wa Gilbert? Na ule msonobari wenye watoto, pipa lisikae karibu nao."

"Manne," alisema Lucien. "Asante, Bertille."

"Usinishukuru. Nilikuwa naelekea nyumbani."

"Nyumbani kuna nini saa hizi?" alisema Odile. Alikuwa ameshavuta kiti na kuongeza sahani. "Maharage yametoka kwenye oveni, chapati za ploi bado za moto, na dada zangu wanakuja na habari za harusi ya jirani yetu Theriault. Vua buti hizo, mwanamke, uingie tule."