Kizingiti cha Kijumba cha Mawe

Fundi alirudi kwake mchana, nyumba ikiwa tupu. Kwa mazoea tu akaita, "Hodi!"

"Karibu, mgeni," sauti ikamjibu kutoka ndani.

Akaingia. Jikoni hapana mtu, chumbani hapana mtu. Harufu tu ya chokaa mbichi, nzito, kama ya kaburi jipya. Akasoma dua, lakini ulimi ulimtetereka, maana mwenye kosa hujijua.

Majirani walikuwa wakikifufua kijumba cha kale cha mawe kwenye bustani ya mtaa. Akina mama walichekecha mchanga, wazee walibeba maji, na yeye ndiye fundi waliyemwamini. Alikibomoa jiwe kwa jiwe, kila moja akalitia alama ya chaki lijue pa kurudi. Ila jiwe la kizingiti, jeusi, lililolainishwa na nyayo za watu waliokwisha kufa, lilimwingia moyoni. Akaifuta chaki, akalibeba, akaliweka mlangoni kwake. Kule akatia jipya, akalipaka masizi na tope lionekane kuukuu. Majirani wakampigia makofi, naye akayapokea, Mungu amsamehe.

Jumapili mkewe alimleta mama yake. Mama mkwe akasimama mlangoni.

"Baba, jiwe zuri hili! Umelitoa wapi?"

"Nimelinunua, mama."

"Mwongo," ikasema sauti ndani ya nyumba, taratibu, kama inavyorekebishwa mtoto.

Wote watatu walikuwa nje.

"Nani yumo?" mama mkwe akanong'ona.

"Hakuna mtu, mama."

"Sikukuuliza habari za mtu."

Fundi akainamisha kichwa, akasema yote, mbele ya mkwe.

"Umemng'olea jini mlango wake, naye ameufuata," mama akasema. "Sasa humo ni kwake. Mgeni ni wewe."

"Nitalirudisha kimyakimya, mama."

"Kimyakimya ndivyo ulivyolichukua. Litarudi mbele ya waliokupigia makofi."

Fundi akajitwika jiwe begani, na kila alipopiga hatua likazidi uzito, na nyuma yake nyayo tupu zikamfuata, pa, pa, pa, akisimama zinasimama, akienda zinaenda, na pumzi yenye harufu ya chokaa ikampuliza kisogoni mpaka alipolitua katikati ya majirani.

"Fundi, kizingiti cha pili? Unatujengea ghorofa nini?" mmoja akatania, wakacheka.

"Hiki ndicho chenyewe. Kile nilichotia ni cha uongo. Hiki nilikiiba."

Kicheko kikakatika. Bibi mmoja aliyechekecha mchanga tangu siku ya kwanza akatazama chini, akimwonea haya yeye, na hilo lilimchoma kuliko lile jini.

Mama mkwe, aliyekuja naye, akasoma dua; fundi akaling'oa lile la uongo, akalipachika la kale mahali pake. Baridi ikampita vifundoni, ikaingia kijumbani.

Mpaka leo, afikapo kwake hupiga hodi, kisha husimama nje, kofia mkononi, akisikiliza. Akikuta kimya, ndipo anapoingia. Mkewe amejua: hata akiwa ndani, hamkaribishi.