Sahihi ya Fundi

Mama Fundi alikuwa akichemsha chai aliposikia maji yakimwagika nyuma yake. Aligeuka. Mume wake alikuwa amepiga magoti chini ya sinki. Alikuwa amefungua bomba la maji machafu na kulipanga vipande vipande juu ya gazeti. Maji yalikuwa yamefika mlangoni.

"Mzee wangu, umefanya nini tena?"

"Lilikuwa linavuja," Fundi alisema.

"Halikuwa linavuja."

Fundi aliitazama sakafu. "Sasa linavuja," alisema.

Zamani wangecheka. Mama Fundi alichukua tambara, akaanza kukausha.

Fundi alikuwa fundi bomba kwa miaka arobaini. Nusu ya mabomba ya mtaa ule aliyaweka yeye. Sasa alikuwa na miaka sabini na minne, na kwa miaka mitatu alikuwa akisahau. Alianza kusahau majina ya wateja. Kisha akasahau njia ya kurudi nyumbani. Mikono yake tu ndiyo ilikumbuka kazi. Mara mbili alifunga koki kubwa ya mtaa, watu wakakosa maji siku nzima. Majirani walitania, "Maji yakikatika, usipige simu ofisi ya maji. Uliza kwanza Fundi yuko wapi."

Nyumba yao aliijenga mwenyewe, chumba kimoja kimoja, kwa miaka kumi na moja. Ilikuwa bondeni. Kutoka mlangoni mpaka barabarani kulikuwa na ngazi kumi na tisa za saruji. Juu ya ngazi palikuwa na barabara ya malori.

Siku moja Fundi alipanda ngazi hizo na mfuko wake wa spana. Alisimama katikati ya barabara. Lori lilifunga breki, likasimama hatua mbili kutoka kwake. Dereva alishuka. Fundi alimuuliza, "Bomba lenu liko wapi?"

Jioni hiyo Mama Fundi alimpigia simu binti yake, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya hospitali, mji mwingine.

"Mama, uzeni nyumba," binti alisema. "Njooni huku. Kuna nyumba ndogo karibu na kwangu. Haina ngazi, ina uzio, na mimi niko hatua chache."

"Baba yako aliijenga kwa mikono yake."

"Najua. Lakini wewe peke yako humuwezi tena."

Maji yalikuwa yamezidi unga.

Alimtafuta dalali. Dalali alikuwa mtu wa maneno mengi na viatu safi. Alileta watu. Wa kwanza alizihesabu ngazi, akaondoka. Wa pili alisema sebule ina giza. Wa tatu alisema atarudi Jumatatu, na Jumatatu hiyo hadi leo haijafika. Mwezi wa nne wa kutafuta mnunuzi alikuja mwalimu wa shule ya jirani pamoja na mumewe. Mwalimu aligusa kuta, akafungua mabomba, akasema, "Nyumba hii ilijengwa na mtu anayejua kazi. Tunaichukua."

Mama Fundi alianza kufunga vyombo kwenye maboksi.

Siku ya kuweka sahihi ilifika. Walikutana ofisini kwa wakili. Wakili alikuwa mwanamke mtulivu. Alifungua hati ya nyumba. Hati ilikuwa na majina mawili, la Fundi na la mkewe. Wakili alimgeukia Fundi.

"Mzee, unajua leo tumekuja kufanya nini?"

"Ndiyo," Fundi alisema. "Kutazama bomba." Aliinama, akaanza kutafuta chini ya meza.

Wakili aliweka kalamu chini. "Mama, samahani. Siwezi kumsainisha."

"Anajua kuandika jina lake."

"Kuandika jina si kuelewa. Nikimsainisha mtu asiyeelewa, nakuwa nimedanganya."

"Basi niuze nusu yangu."

"Nani atanunua nusu ya jiko, mama? Hii ni nyumba moja, na yeye ni mwenye mali kama wewe."

Nje, dalali alimvuta Mama Fundi kando. "Usijisumbue," alisema kwa sauti ya chini. "Namjua wakili mwingine, yeye haulizi maswali. Mfundishe mzee sahihi nyumbani. Akishindwa, tutamshika mkono. Nani atajua?"

Mama Fundi hakulala vizuri. Asubuhi alimketisha mumewe mezani, akampa karatasi na kalamu.

"Andika sahihi yako, mzee wangu."

Fundi alichora mstari mrefu. Mwishoni aliupinda, kama bomba linavyopinda konani. Aliurudia mara tano. Mama Fundi aliushika mkono wake, akauongoza polepole. Fundi alimtazama usoni.

"Mwalimu," alisema kwa adabu, "mimi nilishaacha shule."

Mama Fundi aliuachia mkono ule. Alikwenda chumbani, akakaa kitandani katikati ya maboksi. Alijiona mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kila Alhamisi, msaidizi wa sheria alifika ofisi ya mtaa kuwashauri watu bila malipo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na daftari kubwa. Alhamisi hiyo Mama Fundi alimweleza yote, hata habari ya karatasi.

"Umefanya vizuri kuacha," msaidizi wa sheria alisema. "Kumshika mkono mtu asiyeelewa ili asaini ni kughushi. Unaweza kufungwa. Na mauzo hayo yanaweza kuvunjwa, hata miaka ikipita. Mwalimu wa watu angefukuzwa ndani ya nyumba aliyoinunua."

"Lakini mimi simwibii. Nataka kumtunza."

"Najua. Sheria haioni moyo, inaona njia. Na njia ipo. Unakwenda mahakamani kuomba uteuliwe kuwa msimamizi wa mali ya mumeo, na upewe ruhusa ya kuuza. Lakini kwanza daktari ampime na aandike hali yake. Mlishawahi kumpeleka?"

Mama Fundi alitazama chini. "Tulisema ni uzee. Tuliona aibu."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mngekwenda mwaka wa kwanza, alipokuwa bado anaelewa, angeweza kuuza mwenyewe. Au mngepanga pamoja na wakili nani atasimamia mambo yake. Sasa hawezi kumpa mtu yeyote madaraka hayo. Imebaki mahakama. Na watoto wote lazima wajulishwe, kila mmoja aandike barua ya kukubali."

"Itachukua muda gani?"

"Sitakudanganya, mama. Ni miezi mingi."

Mama Fundi alimwendea mwalimu, akamweleza ukweli. Mwalimu alisema, "Tutawasubiri."

Hospitali iliwapa tarehe ya mwezi uliofuata. Daktari alimuuliza Fundi huu ni mwaka gani. Fundi alitaja mwaka waliooana. Ripoti iliandikwa. Karani wa mahakama aliisoma, akairudisha. Haikuwa na muhuri. Mama Fundi alirudi hospitali. Daktari alikuwa likizo.

Muhuri ulipopatikana, ikabaki barua ya mtoto wao wa kwanza, dereva wa malori ya masafa marefu. Alikataa kwa simu.

"Mama, mnataka kumtangaza baba kuwa mwendawazimu mbele ya watu?"

"Hatumtangazi. Tunaomba ruhusa."

"Mimi sisaini. Baba ni mzima. Juzi niliongea naye."

"Uliongea naye nini?"

"Alinisalimia," mwanawe alisema.

"Njoo ukae naye siku tatu," mama yake alimwambia. "Ukiondoka bila kusaini, sitakulaumu."

Alikuja baada ya wiki saba. Siku ya kwanza baba yake alimwita "kijana wa spana". Alimtuma spana kutwa nzima, na kila alipoileta alisema siyo hiyo. Siku ya pili Fundi alipotea, wakamkuta kwenye ngazi, amelowa mkojo. Mwanawe alimbeba mgongoni hadi ndani, akamwogesha. Siku ya tatu aliomba karatasi, akasaini huku akilia.

"Mnisamehe," alisema. "Nilidhani nisipokuja, haitakuwa kweli."

Ombi lilipokelewa. Tarehe ikapangwa. Siku ya tarehe hakimu alikuwa amehamishwa. Tarehe nyingine ikapangwa. Siku hiyo faili halikuonekana. "Njoo wiki ijayo, mama," karani alisema. Wiki iliyofuata alisema hivyohivyo. Kila safari, Mama Fundi alimwachia jirani mumewe. Kila aliporudi alikuta kitu kimefunguliwa.

Mwezi wa saba tangu siku ile ya wakili, mwalimu alikuja. Alikataa kuketi.

"Mama, tumepata nyumba kwingine. Mwenye nyumba tunayopanga anatutoa. Tungeweza kusubiri, tungesubiri."

"Hamna kosa," Mama Fundi alisema. Alimsindikiza mpaka ngazi ya kwanza. Aliporudi ndani alianza kutoa vyombo kwenye maboksi, kwa sababu sufuria zote zilikuwa humo na alihitaji kupika. Alitoa sufuria mbili. Kisha akakaa sakafuni, akalia mpaka sauti ikakauka. Fundi alikaa kando yake. Hakujua analia nini. Alimpapasa bega.

Alhamisi iliyofuata alimwambia msaidizi wa sheria, "Nimechoka. Nataka kuacha."

"Ukiacha, utaanza upya na miezi yote hii itakuwa bure," msaidizi alisema. "Twende wote kwa karani."

Walikwenda. Msaidizi wa sheria aliomba faili kwa namba yake, kwa upole, akasimama palepale dirishani mpaka likapatikana. Lilikuwa kwenye rundo la hakimu aliyehama.

Mwezi wa kumi na tatu tangu siku ile ya wakili, hakimu mpya aliwasikiliza. Alisoma ripoti ya daktari na barua za watoto wote wawili. Aliuliza nyumba wanayokwenda ikoje na nani atamwangalia Fundi. Kisha akatoa amri. Mama Fundi aliteuliwa kuwa msimamizi. Aliruhusiwa kuuza, lakini kwa bei ya haki, na kila mwaka apeleke mahakamani hesabu ya matumizi ya sehemu ya mumewe.

Mnunuzi mpya alipatikana baada ya miezi miwili. Alitoa bei ndogo kuliko ya mwalimu, ila mthamini wa mali aliipima nyumba, akasema bei hiyo inakubalika. Walirudi kwa wakili yuleyule. Mama Fundi alisaini mara mbili, kwa jina lake na kwa niaba ya mumewe. Kazi ya mwaka na nusu ilimalizika kwa dakika kumi. Hakuna ambaye angeweza kuyavunja mauzo hayo.

Walihamia karibu na binti yao. Nyumba haikuwa na ngazi. Uzio ulikuwa mzuri na mlango ulifungika. Binti alipita kila asubuhi na kila jioni, na Mama Fundi akaanza kulala usiku kucha. Hayo yote yalikuwa mema.

Lakini Fundi alikuwa haendi tena popote. Wiki ya pili aliacha kutembea. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha. Mama Fundi alimpa spana ashike, naye aliishika kama kitu cha mtu mwingine. Nyumba aliyoijenga hakuiulizia hata mara moja. Mama Fundi alikuwa ameogopa ataililia kila siku. Sasa angetoa chochote amsikie akiililia.

Asubuhi moja jirani mpya alikuja kumsalimia Mama Fundi. Alikuwa mama wa umri wake, mke wa kinyozi mstaafu. Walikaa barazani wakimenya viazi. Jirani alicheka kidogo, akasema, "Na wangu naye ameanza. Juzi alinyoa upande mmoja wa kichwa cha kaka yake, akaenda kula. Uzee huo."

Mama Fundi aliweka kisu chini.

"Mpeleke kwa daktari wiki hii," alisema. "Kisha nendeni kwa wakili pamoja. Nyumba, shamba, kila chenye jina lake, apange mwenyewe. Na watoto wawepo wote."

"Jamani, mbona haraka hivyo? Bado anajua kila kitu. Jana amenitajia wajukuu wote, mmoja baada ya mwingine."

"Ndiyo maana nakwambia wiki hii," Mama Fundi alisema.