Chachu Haifungwi

"Chachu inakimbilia mpakani, Sirari. Isivuke."

Matiko, askari kanzu wa kike, alirudisha redio mfukoni, akakaza mwendo wa pikipiki yake, Boxer. Mbele, Probox nyeupe ilikuwa ikiikata Nyamisangura kwa vumbi, vioo vimefungwa, jua la saa nane likiichoma.

Ndani mlikuwa na hiyo chachu: madumu ya vijidudu hai wa udongo, waliokuzwa kwa molasi ili wayarudishie rutuba mashamba yaliyochoka ya Nyangoto. Joram, wakala aliyeaminiwa kuwagawa, alikuwa anawauza ng'ambo. Wakulima aliwapelekea madumu kama yale yale, ndani maji machafu ya zebaki kutoka kwenye mialo ya kuoshea dhahabu.

Matiko alitema mate. Hata inzi wa chooni ana nafuu.

Kwa simu ya masikioni alimpigia Boke, mjane aliyepokea dumu lake asubuhi.

"Shikamoo mama. Ile dawa umeshamwaga?"

"Marahaba. Nimeishika hapa shambani. Mbona haina uchachu?"

"Usimwage. Ni sumu."

"Mvua inakaribia, mwanangu. Udongo wangu umekufa. Nitapanda kwenye nini?"

"Nakuletea ya kweli."

Ameahidi. Sasa aipate.

Bastola ilikuwa kiunoni, lakini risasi ingetoboa madumu. Alisogea ubavuni mwa gari, akachungulia. Vifuniko vilikuwa vimezungushiwa utepe wa gundi, madumu yamevimba matumbo.

Matiko alicheka. Mpika pombe yeyote wa Tarime anajua kitu kinachochacha huachiwa nafasi ya kupumua. Joram hakuwahi kuuliza.

Akapunguza mwendo, akakaa mbali.

Paa!

Dumu lilipasuka, Probox ikayumba, ikaingia mtaroni. Joram alitoka akichuruzika uji wa kahawia, povu masikioni.

"Dada, tuelewane. Ni udongo tu."

Udongo tu. Matiko alimtia pingu kwa ncha za vidole, kama anayeokota panya aliyeoza.

"Hao wako hai, Joram. Umewabana, wamekukataa."

Alilegeza vifuniko vya madumu yaliyosalia. Yakashusha pumzi.

Redio ikakoroma: "Chachu?"

"Imegoma kuvuka. Leteni gari. Na kakusanyeni yale ya sumu, mlango kwa mlango."

Polisi wenzake walipomchukua Joram, Matiko alifunga dumu moja nyuma ya Boxer, akarudi Nyangoto.

Boke aliinusa dawa kwa muda mrefu, kisha akaimimina taratibu kwenye tuta la kwanza. "Hii sawa," alisema. "Inanuka kama togwa."

Matiko aliomba maji. Akanawa mikono iliyomshika Joram, akanawa tena, akawasha pikipiki na kuondoka.