Njia ya Kurudi kutoka Durban

Nilitoka kwenda kuazima sanduku la barafu tu. Jua lilikuwa limeshaegemea mlima, Sechaba mume wangu hajarudi kutoka kiwandani, binti yangu Puseletso mgongoni ingawa ana miaka minne na mgongo wangu unalijua hilo, na kichwani mwangu hakuna kitu kingine ila Durban.

Nitaeleza haraka. Sijui nina muda gani.

Tangu tuoane hatujawahi kwenda popote. Kiwanda kinafunga tarehe kumi na tano Desemba, basi tukasema mwaka huu, msimu huu wa joto, tunatoka Phuthaditjhaba, huku kwetu milimani, tukaione bahari. Nilikuwa na daftari. Siku ya kwanza ufukweni, tutie miguu majini, tule mahindi ya kuchemsha. Siku ya pili sokoni Victoria Street, sambusa, nanasi lililopakwa pilipili. Siku ya tatu banichau, ule mkate wanaoukomba katikati wakaujaza mchuzi wa kondoo. Sechaba alitaka banichau siku zote nne.

"Wewe unakwenda kuona jiji au kuona mkate?" nikamuuliza.

"Jiji nitaliona huku natafuna. Nani alikwambia macho yanahitaji mdomo mtupu?"

Ndivyo tulivyokuwa. Tunacheka.

Sanduku nililifuata kwa Bibi Khonzeni, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ni Mzulu, kwao chini ya mlima huko, mjane, miguu imemvimba hata choo cha nje anakifikia kwa shida. Amefanya kazi za ndani Durban miaka mingi. Na mwanawe wa pekee, Bhekani, alizama huko huko siku ya Mwaka Mpya, miaka sita iliyopita. Mwili haukuonekana. Hayo kila mtu mtaani anayajua, hata mimi, na bado nilikaa kwenye kiti chake nikamuuliza wapi wanauza sambusa nzuri. Sikufikiria. Ningefikiria...

Alinijibu vizuri tu. Akanitajia na duka la mtu aliyekuwa akiwapa wafanyakazi mchuzi wa bure Ijumaa. Sanduku la barafu akaniambia lipo chini ya kitanda, nivute mwenyewe. Kisha akamtazama Puseletso.

"Huyu ameshalala nje ya kwao?"

"Bado, bibi."

"Basi ataogopa. Watoto hawaogopi kwenda, wanaogopa kutorudi. Kila jioni msimulie njia ya kurudi. Anzia baharini, umlete mpaka kitandani. Kila mto, kila mlima. Na hiki ashike, mkono uwe na kazi."

Akampa tawi. La mkunazi mwitu, kavu, lenye miiba.

"Litamchoma, bibi."

"Halitamchoma."

Halikumchoma. Mimi lilinichoma mara mbili njiani.

Sasa mtu atasema, wewe mama, hukujua? Sikujua. Mimi nimelelewa kanisani, baba yangu alikuwa hataki hata kusikia habari za mizimu, na shule nilifundishwa mito ya Afrika nzima lakini hakuna aliyeniambia tawi la mkunazi linatumika kufanya nini. Nikaona ni kitu cha kuchezea cha bure.

Jioni ile ile nikaanza. Puseletso kitandani, tawi kifuani, njia naisoma kwenye daftari.

"Haya, tumetoka majini. Tumejifuta mchanga. Tumepanda gari. Hii ni Pinetown. Hii Pietermaritzburg. Sasa tunavuka mto pale Mooi River, umeuona? Sasa Tugela. Sasa tunapanda mlima, Van Reenen, masikio yanaziba. Harrismith. Kona ya kwetu. Lango. Mlango. Kitanda."

Alilala kabla sijamaliza neno kitanda. Nikafurahi kweli.

Jioni ya tatu niliposema "tunavuka mto", aligeuza kichwa pembeni, mahali pasipo na mtu, akanong'ona, "Tunavuka. Shika hapa."

"Unaongea na nani, mama?"

Hakunijibu.

Hakunijibu asubuhi. Hakumjibu baba yake. Alikuwa mzima, anakula, anacheza, lakini sisi ni kama hatupo. Kila sahani niliyompa aliigawa nusu, nusu moja anaisukuma kando, na nusu ile hairuhusu mtu kuigusa. Sechaba akasema amenuna, atachoka. Nikatamani iwe hivyo.

Nami nikaendelea kusimulia. Hilo ndilo linaloniua. Nikadhani ni hofu ya safari, dawa yake ni ile ile, basi nikaongeza. Jioni nyingine nilimsimulia njia mara mbili.

Kisha harufu.

Mimi bahari sijawahi kuiona. Lakini ilipoingia niliijua. Chumvi... na kitu kilichooza chini ya chumvi, kama majani, kama samaki, kama nguo iliyosahaulika ndani ya ndoo. Ilianzia langoni. Kesho yake ilikuwa barazani. Bomba letu halijatoa maji tangu Septemba, tunapanga ndoo kwenye lori la maji kama kila mtu, lakini kizingiti kililowa. Nikapangusa. Kikalowa tena. Kwenye kitambaa kukabaki mchanga.

Jumatano ya wiki ya pili, jua linazama, nilikuwa napika ugali. Nikasikia miguu barazani. Miguu yenye maji.

Pwata.

Pwata.

Nikasubiri mtu abishe hodi. Hakubisha. Halafu nikasikia mingine nyuma yake. Na mingine. Puseletso akainuka kwenye mkeka na tawi lake, akafungua mlango, akasimama kando kama anavyofanya mtu anayepisha wageni wapite.

Sikuona kitu. Nilimnyakua nikapita katikati ya ile harufu nikakimbia mpaka kwa Bibi Khonzeni, sufuria nimeiacha motoni.

Bibi alikuwa mezani. Amevaa gauni zuri. Meza ina sahani mbili, na mlango wa chumba cha ndani umefungwa.

"Chukua tawi lako," nikamwambia. "Mtoto wangu haongei."

"Nilitaka kuja kukushukuru, Mama Puse. Miguu ndiyo ilinikatalia." Alikuwa anatabasamu, machozi yanateremka. "Aliyefia mbali hafuatwi kwa gari tu. Anafuatwa na mtu mwenye tawi hili, anamwambia njia mpaka nyumbani, na mbebaji haongei na mwingine yeyote mpaka wenye maiti wapokee. Mimi singefika Durban. Ndugu wa baba yake Bhekani hawakutaka kwenda. Nikasema mtoto mdomo wake safi, na wewe unaijua njia. Nisamehe. Lakini amefika. Bhekani amefika Alhamisi, nimempokea, amelala hapo ndani."

Alhamisi.

"Alhamisi ipi?"

"Iliyopita."

"Basi mfungue mtoto!"

"Nilidhani amefunguka. Alhamisi Bhekani alikuwa peke yake mlangoni kwangu..." Tabasamu likaisha polepole. "Usiniambie uliendelea kusimulia."

"Kila jioni."

"Ukianzia wapi?"

"Majini. Uliniambia nianzie majini."

Bibi Khonzeni akashika meza kwa mikono yote miwili. "Umewaita kina nani, wewe? Waliozama pale ni wengi. Mimi hao siwajui. Siwezi kupokea maiti wa watu."

"Na asiyepokewa?"

"Anabaki na aliyembeba."

Nikamtazama mwanangu. Alikuwa amesimama mlangoni, mgongo kwetu, na ule mkono usioshika tawi ulikuwa umeinuliwa juu kidogo. Kama mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mzima.

Sikumuuliza bibi neno lingine. Ningemuuliza. Lakini mama akishaona vile hasubiri ushauri. Nilimrudisha nyumbani, ugali umeungua, nyumba imejaa moshi na chumvi, nikalichukua lile tawi mkononi mwake, likanichana kiganja, nikaliweka sakafuni, nikamnawisha mikono kwa maji ya kunywa. Nikasema kwa sauti:

"Mmefika. Pumzikeni. Hapa ni kwenu. Nyinyi ni wa kwetu, ni watu wa Batlokwa, ukoo wa mume wangu, ukoo wa mtoto huyu. Mwachieni mkono."

Miguu ikatembea. Mmoja kuelekea jikoni. Mwingine chumbani. Mwingine sikujua ulikwenda wapi.

"Mama," Puseletso akasema. "Nina njaa."

Nilimkumbatia mpaka akalalamika namuumiza.

Sechaba alipoingia akauliza kulikoni, nani kamwaga maji. Nilimwambia mtoto ameongea. Akamrusha juu, akamwita mbabaishaji, akamuahidi banichau nzima peke yake. Alilala anakoroma. Mimi nilikaa nikisikiliza nyumba ikijaa.

Asubuhi nikaenda kumweleza Bibi Khonzeni. Nilidhani atanisifu. Alinisikiliza dirishani, hakunikaribisha ndani.

"Uliwapokea kwa jina gani?"

Nikamwambia.

"La mtoto?"

"Nilikuwa sina jingine, bibi."

"Mgeni anaweza kufukuzwa, binti yangu. Ndugu je? Wafu wa ukoo wana haki na watoto wa ukoo. Wakimtaka, watamtaka kwa haki."

Akafunga dirisha. Nikasikia akivuta na pazia.

Safari tumeifuta. Sechaba amenuna, hasemi na mimi, amelitupa daftari juu ya kabati. Tawi nimelichoma, likafuka siku nzima bila kushika moto. Puseletso anaongea sasa, anaongea tangu anapoamka. Nikiosha vyombo namsikia barazani anasema na babu, anasema na baba mdogo, kuna na shangazi mmoja anayemchekesha sana. Nikichungulia yuko peke yake na ukuta umelowa.

Jana nilimkuta anakunja nguo zake. Gauni la manjano, kofia, viatu vya wazi. Anazipanga kwenye mfuko wa plastiki, taratibu, kama mtu mzima.

"Puse, tulisema hatuendi tena Durban."

"Nyinyi hamwendi," akanijibu. "Mimi napelekwa na baba mdogo. Amesema kwao kuna chakula kingi, lakini lazima nijifunze kwanza kushikilia pumzi."

Halafu akanionyesha jinsi anavyoweza. Akavuta pumzi, akafumba mdomo, akafumba macho. Nikahesabu mpaka ishirini. Nikahesabu mpaka arobaini. Nikamtikisa mabega na hakufumbua, nikampiga shavuni, nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka, ndipo akafungua macho akanitazama kwa huruma.

"Bado kidogo, mama," akasema.