Kinyozi Msomaji

Kila asubuhi kinyozi alifungua duka, akafuta kioo, kisha akamsomea binti yake masomo ya chuo. Binti haoni. Alikuwa anasomea ushauri nasaha, na maelezo ya somo aliyotoa mwalimu yalikuwa picha za kurasa zilizoandikwa kwa mkono. Baba alisoma kwa moyo wote. Tatizo lilikuwa mdomo wake.

"'Mshauri humsikiliza mteja bila kumhukumu,'" alisoma huku akinyoa. "Yaani mtu ametelekeza watoto, nisimhukumu? Mwambie aache upuuzi!"

"Kabisa!" alidakia mteja mwenye povu kidevuni.

Binti alichapa yote kwenye kompyuta yake. Hakujua mwalimu anaishia wapi na baba anaanzia wapi.

Jaribio likaja. Binti akajibu: "Mshauri humsikiliza mteja, kisha humwambia aache upuuzi." Akapata alama mbili kati ya ishirini. Akifeli jaribio la pili, atarudia mwaka mzima. Alilia, na baba aliona aibu mpaka akakosa pa kuficha uso.

Wakaenda kwa mkutubi wa chuo, mama asiyeumauma maneno. Alisikiliza kisa chote, akacheka mpaka akavua miwani.

"Mzee, unasoma vizuri, ila unatia chumvi," alisema. "Kompyuta ya binti husoma maandishi kwa sauti. Ukiipa picha, inanyamaza. Anahitaji maandishi yaliyochapwa, na michoro ielezwe kwa maneno. Akitaka ya nukta nundu, yanayosomwa kwa vidole, tutamchapia. Tena ayapate siku ileile wanayopata wenzake."

"Sasa tukamwombe mwalimu msaada?"

"Msaada gani? Ni haki yake! Mwanafunzi aje kwetu mapema, muhula unapoanza, aseme anachohitaji. Mwalimu niachieni mimi."

Mwalimu alipofuatwa, alikuja juu. "Kurasa hizi nazitumia mwaka wa kumi na tano!"

Mkutubi akampa ukurasa mmoja ausome. Mwalimu akaukodolea macho, akaugeuza, akashindwa na mwandiko wake mwenyewe. Wiki hiyohiyo akachapa somo zima.

Tangu hapo kompyuta ndiyo iliyosoma. Baba alinyoa kimya, na wateja wakamuuliza kama anaumwa.

Jaribio la pili, binti alipata kumi na saba.

"Na hizo tatu?" baba aliuliza kwa wasiwasi. "Ni mimi tena?"

Binti aliinua kichwa kwa fahari. "Hapana, baba. Hizo nimekosa mwenyewe."