Bi Mifuko na Barua ya Chuo

Siku hiyo ukumbi wa maonyesho ya vitabu ulifurika mpaka viyoyozi vikasalimu amri. Kwenye meza ya tatu kutoka mlangoni alikaa msichana mwenye gauni la manjano na doa la wino kwenye kiwiko, akisaini vitabu vya watoto. Hadithi hakuzitunga yeye. Yeye alichora picha.

Mbele yake akasimama kijana mrefu, shati jeupe, suruali ina chaki, kashika kitabu kama mtu anayerudisha kiatu dukani.

"Nikusainie, kaka?"

"Hapana. Nimekuja kushtaki."

"Kumshtaki nani?"

"Kitendawili!"

Msichana akacheka, maana alizoea kuombwa saini, si kutegewa. "Tega."

"Ana kofia, ana viatu vipya, ana meno yote, lakini hawezi kushika kijiko."

Akafikiri. Foleni nyuma ikaanza kuguna. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua huu huu tuliomo."

"Nimeuchukua, nimetawala, na watu wake wananipenda. Jibu ni huyu." Akafungua kitabu. "Na huyu. Na mama yake. Kitabu kizima watu kumi na wanane, kidole hata kimoja hakuna. Mikono yote mifukoni!"

Uso wa msichana ukapata moto. Hiyo ndiyo siri aliyoifuga miaka tisa ya kazi. Mikono ilimshinda. Basi aliitia mifukoni, akaificha mgongoni, ndani ya vikapu, chini ya mashuka, na wala hakuna aliyewahi kumgundua.

"Mikono ni migumu kuchora," akasema kwa sauti ndogo.

"Ungewavalisha hata glavu, dada yangu! Mimi nafundisha watoto viziwi. Wao mikono ndiyo midomo. Walipofungua kitabu chako waliniuliza, mwalimu, hawa watu wamezibwa midomo na nani?"

Msichana akafunga kalamu.

"Darasa lako liko wapi?"

"Nitakupeleka. Nikuiteje? Maana darasani kwetu tayari tunakuita Bi Mifuko."

Wajukuu zangu, mapenzi mengine huanza kwa maua. Haya yalianza kwa mashtaka.

Kila Jumatano akawa anakwenda darasani, anakaa kiti cha nyuma na daftari lake, anachora mikono ya watoto wakisimuliana, na lugha yao ya ishara anajifunza. Mwezi wa kwanza vidole vilitoka kama karoti. Mwezi wa tatu vikawa vidole. Mwezi wa tano mwalimu alikuwa anampigia simu kabla hajapiga mswaki.

"Bi Mifuko, umeamkaje?"

"Nimeamka na wewe sikioni. Unataka nini alfajiri yote hii?"

"Nilitaka kusikia unavyokasirika."

"Umesikia. Kata."

"Kata wewe."

"Mimi sikati, salio ni lako."

Wakawa hawakati, mpaka maji ya chai ya mwalimu yakakauka jikoni.

Sasa niwategee kimoja. Ni kitu gani chepesi kuliko unyoya, lakini kikiwekwa chini ya mto kinamnyima mtu usingizi? Mji siutaki, nitawaambia mwenyewe. Ni barua. Kabla hajakutana na mwalimu, msichana alikuwa ameomba nafasi chuoni, shahada ya uzamili ya uchoraji wa vitabu, miaka miwili, katika mji unaofikiwa kwa ndege na kisha treni ya nusu siku. Alishasahau. Barua haikusahau. Ikaja ikasema amekubaliwa, na ajibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mama yake akasoma mara mbili, miwani puani. "Mwanangu, si unachora tayari? Samaki naye anakwenda kusomea kuogelea?"

Mhariri wake naye akacheka. "Vitabu kumi na kimoja umechora bila shahada. Ukirudi na cheti, penseli itakuwa na ncha mbili?"

Akampelekea mwalimu swali, kwenye benchi la bustani karibu na posta. Alivaa blauzi ya bluu ambayo mwalimu aliipenda, na alijua kwa nini ameivaa.

"Niende, nisiende?"

"Hilo lako, mpenzi. Mimi siligusi."

"Huligusi? Tangu lini wewe ukawa na jambo usiloligusa?"

Mwalimu akatazama viatu vyake. Moyoni neno lilikuwa moja tu, *baki*, limemkaba kooni kama mfupa. Lakini alijua akilitema tu, msichana atabaki, na siku moja litamrudia. Akanyamaza. Msichana naye hakuona mfupa, aliona kimya tu, akakitafsiri vibaya.

Kesho yake akampigia.

"Nimeamua. Nabaki. Kwa ajili yako."

Upande wa pili sufuria ikawekwa chini.

"Upo?"

"Nipo. Usibaki kwa ajili yangu."

"Umesemaje?"

"Nimesema usi..."

Akakata. Safari hii alikata kweli. Simu ikaita, akaigeuza kifudifudi. Siku sita hakuipokea.

Jumatano ikafika. Msichana alikuwa amewaahidi watoto kuwaletea kurasa za kitabu kipya waone kama zinasomeka, na ahadi ya mtoto haivunjwi kwa sababu ya mwanamume. Akavaa gauni la kijivu, bila hereni, kama mtu anayekwenda kugongewa muhuri ofisini. Mwalimu alikuwa hajanyoa ndevu. Wakasalimiana kama majirani waliogombania ukuta.

Akabandika mchoro ubaoni. Mtoto yuko juu ya ngazi, mama yuko chini, mkono juu, anamwamuru ashuke. Mkono huo ulikuwa kamili mpaka kucha.

Darasa likalipuka. Nusu ya mikono ilisema, "Mama anamwambia apande!" Nusu ikajibu, "Ashuke!" Maana mkono ni ule ule, kinachotofautisha ni mwendo wake, juu au chini, na karatasi haiendi popote.

Msichana akachora mshale. Mvulana mmoja akauliza kama hiyo ni alama ya barabarani. Akachora mkono mara tatu, mmoja chini ya mwingine. Wakacheka mpaka wakalala kwenye madawati. Mama wa mikono mitatu!

Akasimama pale, chaki mkononi. Aliingoja aibu ije kama zamani. Haikuja. Ilikuja njaa.

"Sijui," akasema kwa sauti. "Miaka tisa nachora, na mkono unaokwenda sijui kuuchora. Mhariri hajui. Wote tunaobanana kwenye meza za wachoraji pale maonyeshoni hatujui. Na chuoni kule yupo mama mmoja, kazi yake maisha yote ni picha zinazotembea kwenye karatasi." Akamgeukia mwalimu. "Nakwenda. Si kwa ajili yako, wala si kwa kukukimbia. Nakwenda kwa ajili ya ngazi hii."

"Ndicho nilichokuwa nakingoja."

"Unangoja! Mimi nalia siku sita, wewe unangoja?"

"Nimekupigia mara kumi na nne."

"Ungepiga ya kumi na tano ningepokea! Kwa nini hukusema kitu pale bustanini?"

"Niseme nini? Nikisema nenda, nakufukuza. Nikisema baki, utabaki, halafu siku sufuria ikiungua utaniambia, ningekuwa na shahada mimi."

Msichana akacheka bila kupenda. Walikuwa wanabishana kwa sauti, wametulia, wakiamini hakuna anayewasikia. Hawakumwona binti wa dawati la mbele, msomaji hodari wa midomo. Alikuwa amegeuka nusu, na kila neno analitangaza kwa mikono darasa zima.

"Mimi nimeshaamua langu," akasema msichana. "Sasa sema lako. Unataka nini?"

Mwalimu akavuta pumzi. "Nataka uende. Nataka unipigie kila siku uniringie. Na nataka uende ukiwa mchumba wangu, posa imeshafika kwa mama yako, ili wakikuuliza kule una mtu, usijikune kichwa."

Watoto wakaacha hata kupepesa macho.

Msichana akauficha uso ubaoni, akajibu akiwa amewapa mgongo. Mwalimu alisikia, akakaa juu ya dawati la mtoto, likalia.

Binti wa mbele akapiga meza kwa kiganja. *Sijaona!* Darasa zima likapiga meza. *Hatujaona!* Mwalimu mkuu akachungulia mlangoni kujua kuna vita gani.

Basi msichana akageuka, chaki shavuni, machozi yamechora njia kwenye unga. Akainua mikono yote miwili, akasema polepole, neno baada ya neno, asije akakosea hata kidole.

Nakubali. Nakwenda. Nitarudi.

Binti akatikisa kichwa. Neno la mwisho, akadai, lilikwenda haraka mno, akamwamuru alirudie. Akalirudia, safari hii akimtazama mwalimu.