Mfupa Uliogeuka Jiwe

Wanakijiji wa Mnazi walikuwa wakichimba mfereji wa shamba la ujamaa. Mafuriko yalikuwa yamepita na ukingo wa mto ulikuwa umemeguka. Jembe la Mzee Rajabu likagonga kitu kigumu ndani ya tope. Akakivuta. Ulikuwa mfupa wa paja.

Kazi ikasimama.

Miaka miwili nyuma, Salimu, mtoto wa Rajabu, alichukuliwa na mto huu. Alikuwa akivuka na rafiki yake Paskali. Paskali aliokoka, Salimu hakuonekana tena. Wapo waliosema alisukumwa.

Zuhura, mama yake Salimu, akaja mbio. "Mwanangu! Tumzike leo hii!"

"Hapa ni mbali na kivuko," mtu mmoja akasema. "Nani alimfukia?"

Watu wakamgeukia Paskali, aliyekuwa akichimba nao.

"Asiguswe mtu!" akasema Hamisi, mwenyekiti wa kijiji. "Na msichimbe tena. Kama ni mifupa ya binadamu, lazima polisi waambiwe. Mwiteni kwanza bwana mifugo, yeye anaijua mifupa."

Bwana mifugo, Nikodemo, alitoka joshoni, alikokuwa akiogesha ng'ombe dawa, na matope miguuni.

"Shikamoo, mama. Niruhusu niutazame."

"Marahaba. Tazama, ila usinidanganye."

Nikodemo akaugonga mfupa kwa kijiwe. Ukalia kama jiwe. Akampa Rajabu.

"Mzito mno!" Rajabu akashangaa.

"Mfupa wa miaka miwili hauwi hivi, mzee. Huu ulifunikwa na tope kabla ya babu zetu kuzaliwa. Maji yenye madini yaliuingia kidogo kidogo, ukageuka jiwe. Mifupa kama hii huitwa visukuku."

"Lakini si wa mtu?" Zuhura akauliza.

Nikodemo akainama shimoni. Jino pana lilikuwa limetokeza udongoni. Hakuling'oa.

"Binadamu hana jino kubwa hivi, mama. Hili ni la kusagia majani. Na paja hili ni nene kuliko la mtu yeyote. Nadhani ni kiboko. Mtaalamu ndiye atakayethibitisha."

Kisha akawaambia, "Mkikuta kitu kama hiki, kiacheni kilipo. Kikihamishwa, mtaalamu hawezi kujua kililala katika udongo gani."

Walizungushia vigingi mahali pale. Mwenyekiti akaandika barua kwa watu wa makumbusho. Mfereji ukapitishwa pembeni. Lakini minong'ono haikukoma, na Paskali aliacha kuja shambani.

Baada ya miezi miwili mtaalamu alifika. Alipima, akachora, akachimba kwa brashi na kisu kidogo. Mbele ya kijiji kizima akasema, "Ni kiboko wa kale."

Siku hiyo maji ya mfereji yalikuwa tayari yanafika kwenye mahindi. Zuhura hakwenda kuyatazama. Alikwenda nyumbani kwa Paskali.

"Mwanangu," akasema, "miaka miwili tunakusema, na hakuna aliyekuuliza. Ilikuwaje?"

Paskali akalia kabla ya kujibu. "Nilimshika mkono, mama. Maji yakanizidi nguvu."

Zuhura akakaa karibu yake. "Nieleze yote," akasema. "Taratibu."

Kesho yake Paskali alirudi shambani. Rajabu akamsogezea nafasi kwenye mstari, wakalima pamoja.